Mgodi Unaeleaje? Uchambuzi wa Kisa cha Neno la Kiarabu "Algham"

Kisa hiki kilianzia kwenye karatasi ya ukurasa mmoja. Wakala wa meli katika bandari moja ya pwani yetu alikuwa amepata tangazo la tahadhari kwa mabaharia wanaopita Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, kwenda Hudaida na Jeddah. Alitaka liwepo kwa Kiswahili kwa ajili ya mabaharia wa majahazi na meli ndogo za mizigo, ambao wengi wao Kiingereza chao ni cha kubahatisha na Kiarabu chao ni cha msikitini. Tangazo la asili lilikuwa la Kiarabu, na chini yake palikuwa na maelezo ya Kiingereza. Kijana aliyelifasiri alikuwa hodari wa Kiingereza, kwa hiyo aliyashika maelezo ya chini na kuyaacha maandishi ya juu. Nilipoletewa tafsiri yake niipitie kabla haijapigwa chapa, mstari wa tatu ulisomeka hivi: "Katika eneo hili kuna migodi ya baharini, na baadhi yake imeng'oka na inaelea."

Siku hiyo nilikuwa nimekaa na mzee mmoja aliyekuwa nahodha kwa zaidi ya miaka thelathini, mtu wa Lamu kwa kuzaliwa. Niliusoma mstari ule kwa sauti, kama nilivyozoea kufanya ninapohakiki tafsiri, kwa kuwa sikio hukamata kosa ambalo jicho limelipita. Mzee aliinua kichwa akaniuliza, "Mwanangu, mgodi unaeleaje?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuna. Mgodi ni shimo linalochimbwa ili kutoa dhahabu, makaa au chumvi, na shimo halina uwezo wa kung'oka wala kuelea. Kijana yule alikuwa ameliona neno la Kiingereza "mine", ambalo lina maana ya mgodi na pia ya bomu linalotegwa, akakumbuka maana ya kwanza aliyofundishwa shuleni, akaendelea na kazi. Kosa kama hilo katika habari za michezo lingesahihishwa kesho yake na maisha yakaendelea. Katika karatasi inayobandikwa karibu na usukani, ambayo baharia ataisoma mara moja tu kabla ya kuingia maji asiyoyajua, maana yake ni kwamba mtu anaweza kuliona duara jeusi likipanda na kushuka kwenye wimbi asubuhi, akadhani ni boya la wavuvi, akasogea kulitazama.

Hatari yenyewe ipo. Tangu vita vya Yemen vilipopamba moto mwaka 2015, mabomu yametegwa katika maji ya pwani yake ya magharibi, na baadhi yake yamekatika minyororo na kuchukuliwa na mkondo hadi kwenye njia za meli na maeneo ya uvuvi. Kabla ya hapo, mwaka 1984, meli zaidi ya kumi ziliharibiwa ndani ya majuma machache katika Ghuba ya Suez na Bahari ya Shamu na mabomu yaliyotegwa chini ya maji. Kwa hiyo karatasi ile ilikuwa na kazi ya maana, na neno lililoharibika ndilo lililobeba kazi yote.

Nikarudi kwenye Kiarabu. Kichwa cha tangazo kilikuwa na maneno manne tu, nami nayaandika kwa herufi zetu: "Tahdhir: algham bahriyya 'aima." Mswahili yeyote analo neno la kwanza, kwani ndilo tahadhari, na la tatu lina bahari ndani yake. Neno la mwisho maana yake ni zenye kuelea. Linabaki la pili, "algham", ambalo halimo katika hazina ya Kiswahili kwa sura yoyote. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba katika vibao vyekundu vinavyosimikwa jangwani kuanzia Libya hadi Iraq, vinavyoandikwa "khatar algham", msomaji wetu hulijua barabara neno la kwanza, hatari, asijue hatari hiyo ni ya kitu gani.

Hapo ndipo kisa kilipopata sura ya pili. Nilimpelekea karatasi rafiki yangu mmoja, maalim wa madrasa, mtu ambaye sarufi yake ya Kiarabu naiheshimu sana. Maalim alifanya kile ambacho kila mwanafunzi wa Kiarabu hufundishwa kufanya: aliondoa sura ya wingi, akapata herufi tatu za mzizi, yaani lam, ghayn na mim, akafungua kamusi kubwa ya zamani mahali pa mzizi huo. Alichokikuta ni "lugham", povu linalotoka mdomoni mwa ngamia. Hakukuta bomu wala mtego. Akanirudishia ujumbe kwamba huenda tangazo linahusu povu la bahari, labda sumu fulani au mafuta yaliyomwagika yakafanya povu juu ya maji. Fikra yake haikuwa ya ovyo. Tangazo la bahari linalozungumzia kitu chenye kuelea, na mzizi wenye maana ya povu, vinaafikiana kabisa, na laiti nisingekuwa na maelezo ya Kiingereza chini ya ukurasa, pengine ningemkubalia.

Tulikuwa basi na tafsiri mbili zilizopotoka, moja kwa kupitia Kiingereza na nyingine kwa kupitia mzizi wa Kiarabu. Kosa la kijana lilikuwa la haraka. Kosa la maalim ndilo lililonishughulisha zaidi, kwa sababu yeye alifuata njia sahihi ikamfikisha mahali pasipo. Njia ya mzizi ina sharti moja ambalo mara nyingi hatulitaji: neno lenyewe liwe limezaliwa katika Kiarabu. "Lughm", ambalo wengine hulitamka "lagham" na wingi wake ni "algham", halikuzaliwa humo. Limetoka katika Kituruki cha dola ya Uthmaniya, ambako liliandikwa na kutamkwa "lağım".

Ukimuuliza Mturuki wa leo maana ya "lağım" atakuambia ni mfereji wa maji machafu unaopita chini ya mji. Zamani neno hilo lilikuwa na maana pana zaidi, njia yoyote iliyochimbwa chini ya ardhi, na katika jeshi la masultani kulikuwa na kikosi maalumu cha wachimbaji walioitwa "lağımcı". Wanaisimu hulirudisha neno lenyewe nyuma zaidi, kwa Wagiriki, katika jamaa ya neno "lakkos" lenye maana ya shimo. Katika Kigiriki cha sasa liko neno "lagoumi" kwa maana ya njia ya chini kwa chini, na Waserbia nao husema "lagum" kwa vichuguu vilivyochimbwa chini ya ngome na vilima vya Belgrade. Kwa hiyo neno ambalo maalim alilitafuta kwenye mdomo wa ngamia lilikuwa likikaa kwenye shimo la Mgiriki.

Ni vyema kueleza kazi ya "lağımcı" kwa karibu, maana bila hiyo mtu hawezi kuona jinsi shimo lilivyogeuka kuwa bomu. Jeshi linapouzingira mji wenye kuta nene, wachimbaji huanza kuchimba mbali na ukuta, mahali ambapo macho ya walinzi hayafiki, wakaenda chini kwa chini huku wakiegemeza dari kwa nguzo za miti. Wakifika chini ya msingi wa ukuta hupanua chumba. Katika zama za kabla ya baruti walikijaza chumba hicho kuni na mafuta, wakachoma nguzo, ardhi ikadidimia na ukuta ukaanguka kwa uzito wake wenyewe. Baruti ilipopatikana, walibadilisha kitu kimoja tu: badala ya kuni waliweka mapipa ya baruti, wakaunganisha utambi mrefu, wakaziba mdomo wa shimo kwa udongo na magunia ili nguvu ya mlipuko isirudi nyuma, wakawasha. Waliozingirwa nao hawakukaa bure. Walichimba mashimo yao ndani ya kuta, wakisikiliza kwa makini mdundo wa majembe ya adui, ili wakutane naye chini ya ardhi kabla hajamaliza.

Katika mzingiro wa Constantinople mwaka 1453, Sultani Mehmed wa Pili alitumia wachimbaji wa Kiserbia kutoka Novo Brdo, watu waliozoea kuchimba fedha, wakaelekezwa kuchimba chini ya kuta, na upande wa ndani fundi aliyeitwa Johannes Grant aliongoza uchimbaji wa kuwapinga. Katika mzingiro wa Candia, huko Krete, ulioanza mwaka 1648 na kumalizika mwaka 1669, pande zote mbili zilichimbiana na kulipuana chini ya ardhi mpaka viunga vya ngome vikawa vimejaa mashimo. Vienna mwaka 1683 kuta zake zililipuliwa kipande kwa kipande kwa njia hiyohiyo mpaka jeshi la msaada lilipofika mwezi wa Septemba. Wagiriki walipopigania uhuru wao, fundi wao wa kuchimba na kulipua, aliyewatumikia Missolonghi na kwenye ngome ya Acropolis ya Athens, alijulikana kwa jina la Lagoumitzis, ambalo ni "lağımcı" lile lile likiwa limevaa mwisho wa Kigiriki. Kwangu jina hilo ni ushahidi mzuri kuliko kurasa nyingi za kamusi, kwa sababu linaonyesha neno likifanya kazi mikononi mwa watu, likivuka mpaka wa vita na kurudi.

Waarabu walikuwa na neno lao kwa kazi hii. Wanahistoria wa vita vya Msalaba wanapoeleza jinsi Salah ad-Din na Mamaluki walivyoangusha ngome za Sham husema "naqb", na wachimbaji wao waliitwa "naqqabun", kutokana na mzizi wenye maana ya kutoboa, ambao ndio huohuo uliotupa nikabu. Neno hilo lipo hadi leo, lakini kwa kitu kinacholipuka halikushika nafasi. Dola ya Uthmaniya iliichukua Sham mwaka 1516 na Misri mwaka 1517, na kwa karne zilizofuata mambo ya jeshi katika nchi hizo yalisemwa kwa lugha ya watawala. Kilichoitwa "lağım" kambini kikawa "lughm" sokoni.

Msomaji wa Kiswahili asione safari hii kuwa ya ajabu, kwa sababu tunalo neno lililopita barabara hiyohiyo, na tunalitumia kila siku. "Afande" ni neno la Kigiriki la zama za Byzantium, lililokuwa na maana ya bwana mwenye mamlaka, likaingia Kituruki kuwa "efendi", likaenea Misri na Sudan, na likafika kwetu pamoja na askari wa Kisudani ambao Wissmann, kamanda wa Kijerumani, aliwaajiri Misri mwaka 1889 kwa vita vya Wajerumani katika pwani ya Tanganyika. Kama askari wale wangekuja na kikosi cha wachimbaji na walipuaji, huenda leo tungekuwa na "laghamu" katika kamusi zetu, na kisa hiki kisingetokea. Waliokuja walikuwa na vyeo vyao na bunduki zao, na tulichokipokea ni vyeo.

Lipo jambo jingine lililomhadaa maalim, nalo ni jinsi Kiarabu kinavyomvalisha mgeni. Neno la kigeni lenye konsonanti tatu likiingia katika lugha hiyo hupewa kila kitu ambacho mwenyeji anacho. "Lughm" likapata wingi wa kuvunjwa, "algham", kwa kipimo kilekile cha "qalam" na "aqlam", na "qalam" nalo, kwa taarifa ya wanaopenda mambo haya, lilitoka kwa Wagiriki muda mrefu kabla ya Uislamu. Hata "film" la sinema likawa "aflam". Kisha "lughm" likazaa kitenzi "laghghama", kutega mabomu mahali, na sifa "mulaghgham", mahali palipotegwa. Mtu akikutana na familia kamili kama hiyo, yenye baba na watoto, hana sababu ya kushuku kwamba babu alikuwa mgeni. Sisi tunafanya vivyo hivyo kwa namna yetu: tulipokea "kitab" la Waarabu, tukaidhania "ki" ya mwanzo kuwa kiambishi chetu, tukasema vitabu, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayesita.

Ndani ya mzizi huohuo wa lam, ghayn na mim kuna mgeni wa pili, ambaye afadhali atajwe ili asimpotoshe mtu mwingine. "Malgham" ni mchanganyiko wa zebaki na madini mengine, ule ambao wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya huuona mikononi mwao zebaki inapoikumbatia dhahabu kabla ya kuchomwa. Hilo linahusishwa na neno jingine la Kigiriki, "malagma", dawa laini ya kubandika. Kwa hiyo ukifungua kamusi ya kisasa ya Kiarabu utakuta povu la ngamia, zebaki iliyoshikana na dhahabu, na bomu la ardhini, vyote vikiwa vimepangwa chini ya herufi tatu kama ndugu wa tumbo moja, ilhali hawana hata ujirani. Maalim alipoliona hili alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa unyenyekevu ambao ningependa wasomi wengi wawe nao, "Basi mimi nimemuuliza nasaba mtu aliyelelewa tu."

Kutoka shimo lenye mapipa ya baruti hadi kitu ambacho baharia anaweza kukiona kikielea, maana imesogea hatua kadhaa. Kwanza "lughm" lilikuwa ile njia ya chini. Baadaye likawa ule mzigo wa baruti uliowekwa ndani yake. Viwanda vilipoweza kutengeneza mzigo ulio tayari, ndani ya kopo la chuma au la plastiki, wenye kiwashio chake, shimo refu halikuhitajika tena; yakatosha mashimo ya kina cha kiganja, na jina likakifuata kile kinacholipuka. Mwishowe likashuka baharini, ambako hakuna wa kuchimba chochote. Kiingereza na Kifaransa vimepita njia hiyohiyo kwa neno lao "mine", ambalo lilianza na machimbo, likapitia shimo la chini ya kuta, likaishia kwenye bomu. Tofauti ni kwamba Kiingereza kimebaki na neno moja kwa machimbo na kwa bomu, na hapo ndipo kijana wetu alipoteleza. Kiarabu kimevitenga: machimbo ni "manjam", na madini ni "ma'adin", tuliyoyapokea kama yalivyo. Waturuki wenyewe, waliowaazima Waarabu neno hili, leo bomu la ardhini huliita "mayın" kwa kufuata Wazungu, na "lağım" wakaliachia maji machafu. Mwenye mali ameiacha, aliyeazimwa ndiye anayeitunza.

Matumizi ya neno hili katika Kiarabu cha leo yana picha ya shamba. Kutega mabomu ardhini huitwa "zar' al-algham", yaani kuyapanda kama mbegu, na zaraa ni neno ambalo wazee wa pwani wanalijua kwa maana ya kilimo. Eneo lililotegwa ni "haql algham", shamba la mabomu, na magazeti huitumia hiyo pia kwa mazungumzo ya kisiasa ambayo kila upande unahofia kukanyaga pabaya. Kuyaondoa ni "naz'", kung'oa. Nadhani picha hiyo inaumiza zaidi kwa mtu wa jangwa la magharibi mwa Misri kuliko kwetu. Huko El Alamein, mwaka 1942, majeshi ya Wajerumani na Waitalia kwa upande mmoja na ya Waingereza na washirika wao kwa upande mwingine yalipanda mabomu kwa mamilioni, vita ikahama, mabomu yakabaki, na wafugaji wa Kibedui na watoto wao wameendelea kuyavuna kwa miguu na mikono yao kwa miongo iliyofuata. Jina la mahali hapo, Al-Alamayn, lina maana ya alama mbili au bendera mbili, na mzizi wake ndio wa alama yetu. Bendera hazikuwepo juu ya mabomu yale.

Sasa turudi kwenye uamuzi, kwa sababu karatasi ilikuwa inasubiri. Katika kikao chetu kidogo lilitolewa pendekezo la kuliswahilisha neno, tuandike "alghamu". Sababu iliyotolewa haikuwa mbaya: baharia atakutana nalo kwenye matangazo ya bandari za Waarabu, basi alizoee. Nililipinga, na bado nalipinga. Neno jipya lisiloeleza chochote linafaa katika somo, ambako mwalimu yupo wa kulifafanua. Kwenye tahadhari, anayesoma yuko peke yake, na lugha yake tayari ina njia ya kulisema jambo hilo.

Njia hiyo ni kitenzi kutega. Vyombo vyetu vya habari vimesema kwa miaka mingi mabomu ya kutegwa ardhini, au kwa kifupi mabomu ya ardhini. Ndivyo yalivyoitwa Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa mwaka 2004 wa kutathmini mkataba wa Ottawa, ule unaopiga marufuku mabomu ya ardhini dhidi ya watu, na ndivyo yanavyoitwa Morogoro, ambako shirika la APOPO, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huwafundisha panya buku kunusa vilipuzi. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kupewa nishani ya dhahabu huko Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia, aliitwa na kila mtangazaji wa Kiswahili mtegua mabomu au mnusaji wa mabomu ya ardhini. Sikumsikia mtu akisema ananusa migodi. Msamiati ulikuwepo na ulikuwa hai, ila aliyekaa mbele ya karatasi ya Kiingereza hakuukumbuka.

Kutega kuna faida moja ambayo mwanzoni sikuiona. Mkataba wa Ottawa, uliotiwa saini mwaka 1997 na kuanza kutumika mwaka 1999, ambao nakala yake ya Kiarabu ina nguvu sawa na ya Kiingereza, unalieleza "lughm" kuwa ni zana iliyokusudiwa kuwekwa chini ya ardhi, juu yake au karibu nayo, au kwenye uso mwingine wowote, ili ilipuke kwa kuwepo, kukaribia au kuguswa na mtu au gari. Fasili hiyo haisemi kwamba lazima lifukiwe. Inayoshikilia maana ni ile hali ya kwamba anayelipuliwa ndiye anayelipua, kwa mguu wake, kwa gurudumu lake au kwa ubavu wa chombo chake. Shimo, ambalo ndilo asili ya neno la Kiarabu, limeshatoweka katika maana, na mtego umechukua mahali pake. Waebrania nao hutumia "mokesh", ambalo tangu katika vitabu vyao vya kale lina maana ya mtego. Kwa hiyo tukisema bomu la kutegwa tunakuwa karibu na fasili ya sheria kuliko neno lenyewe la Kiarabu tunalolifasiri, na hatuhitaji kuomba radhi kwa mtu yeyote.

Ugumu ulibaki kwenye "ardhini". Baadhi ya wasomaji wa kwanza wa rasimu waliandika "mabomu ya ardhini ya baharini", kwa kuwa walilichukua jina zima kama kitu kisichogawanyika. Tukaliondoa neno ardhini, tukasema mabomu ya kutegwa baharini. Halafu tukakwama kwenye "'aima", yenye kuelea, kwa sababu mabomu ya baharini ya aina ya kugusa hayaelei kwa kawaida: hufungwa kwa mnyororo kwenye uzito ulioko chini, yakakaa kina kidogo chini ya uso wa maji. Linaloelea juu ni lile lililokatika. Mkataba wa nane wa The Hague wa mwaka 1907 ulitaka bomu lililofungwa likikatika lipoteze uwezo wake wa kulipuka, na lisilofungwa lisiwe na madhara baada ya saa moja tangu aliyelitega aliachie. Baharia hapaswi kuitegemea sheria hiyo anapoliona jambo lenyewe mbele yake, na hilo tuliliandika wazi.

Nilirudi kwa nahodha na rasimu ya mwisho. Nilimsomea: "Tahadhari: mabomu ya kutegwa baharini. Mengine yamekatika minyororo na yanaelea. Ukiona kitu cha duara, chenye vipembe vilivyochomoza au kilichoota magugu, usikikaribie, usikivute, usikipige kwa upondo wala kwa risasi. Geuza chombo, andika mahali ulipokiona na saa, utoe taarifa kwa redio." Alinikatiza kwenye vipembe, akataka kujua vinafanya nini. Nikamweleza kwamba katika mabomu mengi ya zamani ndani ya kila kipembe kuna kichupa cha kioo chenye tindikali, chombo kikikigonga kipembe kinapinda, kichupa kinavunjika, tindikali inafanya umeme na umeme unawasha bomu. Alifikiri kidogo, akasema, "Ndiyo jarife lililokatika, mwanangu. Mwenyewe keshalala, lenyewe linaendelea kunasa."

Karatasi ilipigwa chapa hivyo. Juu yake, kwa ombi la maalim, tuliacha neno ألغام kwa herufi zake za Kiarabu, kubwa na nyekundu, na chini yake tukaandika kwa herufi zetu namna linavyotamkwa, ili baharia akiliona limeandikwa kwenye ukuta wa bandari au kwenye boya, hata kama hakumbuki chochote kingine, ajue kwamba hapo pametegwa.